Chumba "kinachofaa wenye mzio": ahadi hiyo inamlinda nani?

Ukitafuta hoteli mtandaoni siku hizi utakuta alama ndogo chini ya picha, karibu na ile ya intaneti na ile ya maegesho: "chumba kinachofaa wenye mzio". Mwenye pumu anaiona na moyo unatulia. Mama wa mtoto asiyeweza kula karanga anaiona na kulipia palepale. Na yule anayevimba macho akikaa nyumba yenye paka, naye anaona ametafutiwa mahali pake. Watu watatu wamesoma maneno yaleyale, kila mmoja akayaelewa kivyake.

Vitu vinavyowadhuru watu hao havikai mahali pamoja, havisafishwi kwa njia moja, wala haviko mikononi mwa mfanyakazi mmoja. Wa kwanza anahitaji kusikia kutoka kwa anayefua matandiko. Wa pili anahitaji mpishi. Wa tatu anahitaji kujua nani alilala chumbani humo kabla yake, na alikuja na nani. Alama hiyo haiwezi kuwajibu wote, na mara nyingi hata aliyeiweka hajui anamjibu nani. Kabla ya kuuliza kama hoteli fulani ni salama, kwa hiyo, ni lazima ujue mwili wako unapigana na nini, na kitu hicho hujificha wapi ndani ya hoteli.

Mzio ni nini, na nini si mzio

Neno ambalo wengi tunalitamka "aleji" lilibuniwa mwaka 1906 na Clemens von Pirquet, daktari wa watoto huko Vienna. Aliona kwamba baadhi ya wagonjwa waliodungwa dawa ileile mara ya pili walidhurika haraka kuliko mara ya kwanza. Mwili ulikuwa umejifunza kitu, ila ulijifunza vibaya.

Mfikirie mlinzi wa getini. Kazi yake ni kuzuia wezi. Siku moja anapita mgeni asiye na hatia, tuseme protini ya karanga au ya mate ya paka, na mlinzi anamshuku. Siku hiyo hafanyi fujo, anakariri sura tu. Mgeni akirudi, mlinzi anapiga king'ora, anafunga milango na kuitia nyumba nzima taharuki. Kingamwili zinazokariri sura huitwa IgE, nazo ziligunduliwa katika miaka ya 1960. King'ora ni histamini na kemikali nyingine zinazomwagwa mwilini: ngozi inawasha, pua inatiririka, njia za hewa zinabana. Ndiyo maana maneno "mbona nimekila miaka yote bila shida" hayathibitishi chochote. Na ndiyo maana hata kiasi kidogo kinaweza kutosha, kwani mlinzi haangalii ukubwa wa mgeni.

Sasa yapo mambo matatu yanayochanganywa na mzio. Mtu anayeumwa tumbo akinywa maziwa kwa kukosa kimeng'enya cha kusaga laktosi, sukari ya maziwa, hana mzio wa maziwa; atateseka, lakini tone moja halimtii hatarini. Mwenye ugonjwa wa siliaki hudhuriwa na gluteni, protini ya ngano na nafaka za jamii yake, kwa njia nyingine kabisa: kinga yake huushambulia utumbo taratibu, bila king'ora. Na la tatu, ambalo hotelini ndilo kubwa, ni viwashaji: moshi, manukato, dawa kali za kusafishia. Hivi havimhitaji mlinzi yeyote. Hukwaruza njia ya hewa moja kwa moja, na mwenye pumu ndiye huumia zaidi.

Hili la mwisho nililijifunza usiku. Nina pumu tangu utotoni, na hoteli moja niliyoipigia simu mapema iliniahidi kuniandalia chumba kwa uangalifu wa pekee. Walitimiza ahadi: walipiga deki, wakapangusa kila kona, kisha wakapulizia manukato ili nikaribishwe vizuri. Saa tisa usiku nilikuwa nimekaa kitandani, dirisha wazi, dawa ya kuvuta mkononi. Waliniandalia chumba kwa moyo mweupe. Niliwaambia nina tatizo la kifua, lakini sikuwaambia ni nini kinalisababisha.

Kitandani

Wengi wanaosema wana mzio wa vumbi hawana mzio wa vumbi lenyewe. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Leiden, Uholanzi, Voorhorst na Spieksma, walionyesha kwamba mhusika mkuu ni utitiri wa vumbi, kiumbe cha karibu robo ya milimita ambacho macho hayawezi kukiona vizuri. Utitiri huu haumi na hautembei mwilini. Si kunguni. Unakula ngozi inayopukutika kutoka kwetu tukilala, na kinachotuletea chafya na pumu ni hasa kinyesi chake.

Jambo moja kuhusu maisha yake linaeleza karibu kila kitu kinachofuata. Utitiri haunywi maji, huyafyonza kutoka hewani. Hewa ikikauka, unyevu ukishuka chini ya asilimia 50 na kubaki huko, unakauka na kufa. Kwa sababu hiyo hoteli za milimani penye baridi kavu, kama Davos ya Uswisi, zilipata sifa ya kuwapumzisha wenye pumu. Sifa hiyo ni ya ukavu. Mlima wenye ukungu na mvua mwaka mzima haukupi faida hiyo, hata kama picha zake zinafanana na za Uswisi.

Imani iliyoenea kuliko zote hapa ni ya mito. Watu huomba mto wa poliesta badala ya wa manyoya ya ndege, na hoteli huitikia haraka, kama kwamba mambo yamekwisha. Tafiti za miaka ya 1990 zilikuta kinyume: mito ya poliesta ilikuwa na protini ya utitiri nyingi kuliko ya manyoya. Kitambaa cha mto wa manyoya hufumwa kwa kubana sana ili manyoya yasichomoze, na kitambaa kilichobana vile kinauzuia pia utitiri. Wapo watu wenye mzio wa manyoya yenyewe, lakini ni wachache mno kuliko wanaodhani wanao. Kinachosaidia ni kifuniko chenye zipu kinachoziba mto na godoro pande zote, mto uwe wa nini uwe.

Linalofuata ni ufuaji. Maji ya nyuzi joto 60 za Selsiasi huua utitiri. Maji baridi huondoa sehemu kubwa ya kinyesi lakini wengi wa wadudu wenyewe hubaki hai, na kazi inaanza upya. Kwa hiyo swali "matandiko ni safi?" halina faida, maana hakuna atakayejibu hapana. Uliza joto la maji. Uliza pia kama duveti lenyewe na blanketi la juu hufuliwa kila mgeni anapoondoka, au ni shuka na foronya tu. Jibu la swali hili la pili limenifundisha mengi kuhusu hoteli kuliko nyota zake.

Nyota, kwa kweli, zinaweza kukupeleka pabaya. Zulia nene, mapazia mazito ya sakafu hadi dari, mito saba ya mapambo, kiti cha kitambaa miguuni pa kitanda: kila kimoja ni makazi. Mwenye mzio wa utitiri mara nyingi atalala vizuri zaidi katika chumba cha kawaida chenye sakafu ya vigae au mbao, kitanda kimoja na pazia jepesi. Ningekishika hicho bila kujiuliza mara mbili.

Na mashine ya kusafisha hewa? Zile zenye HEPA, chujio la kunasa chembe ndogo mno, hunasa asilimia 99.97 ya chembe za mikromita 0.3, na hiyo ni kazi nzuri. Lakini chembe za utitiri ni nzito. Hupaa ukikung'uta shuka, na baada ya dakika chache zinatua. Mashine iliyo mezani inasafisha hewa wakati pua yako imelala juu ya mto wenye chembe. Kwa mzio wa paka hali ni tofauti.

Paka aliyeondoka zamani

Kinachowadhuru wengi wenye mzio wa paka si manyoya yake. Ni protini iitwayo Fel d 1, inayotoka kwenye mate na tezi za ngozi. Paka akijilamba anaipaka manyoya, inakauka, inakuwa vumbi jepesi linaloelea hewani kwa saa nyingi na kunata ukutani, kwenye mapazia na nguo. Nyumba ambayo paka ameondolewa inaweza kuchukua miezi kabla protini hiyo haijapungua vya kutosha. Imekutwa hata shuleni na ndani ya mabasi ambako paka hajawahi kukanyaga, ikiwa imebebwa na nguo za watu.

Hivyo "hakuna mnyama chumbani kwa sasa" ni jibu la swali lingine. Unachotaka kujua ni kama chumba hicho, kwa namba yake, kimewahi kutengwa kwa wageni wenye wanyama. Hoteli nzuri huwa na ghorofa au upande maalumu kwa ajili yao. Isiyo na utaratibu huo huwapangia popote palipo wazi. Na hata hoteli isiyoruhusu wanyama kabisa huenda imempokea mbwa: nchini Marekani, sheria ya haki za watu wenye ulemavu huizuia hoteli kumkataa mbwa anayemhudumia mlemavu, na mzio wa mgeni mwingine si sababu inayokubalika. Ni sheria ya haki, naiunga mkono. Wageni wote wawili wanastahili kulala, ila katika vyumba tofauti, na hilo linawezekana tu kama hoteli inajua mapema kwamba wewe upo.

Kama mtu atakuambia mbwa aliyekuwemo ni wa jamii isiyoleta mzio, usilitegemee neno hilo. Vipimo vya vumbi katika nyumba zenye mbwa wa namna hiyo havikuonyesha protini pungufu.

Hapa pia ndipo mahali pa kulizungumzia lile neno la matangazo, haipoalejeniki, yaani kisicholeta mzio kwa urahisi, lililobandikwa kwenye sabuni, mito na sasa vyumba. Nchini Marekani mamlaka ya chakula na dawa ilijaribu mwaka 1975 kulitungia kanuni kwa upande wa vipodozi, mahakama ikaifuta kanuni hiyo, na mpaka leo halina kipimo cha kisheria huko. Mtengenezaji hulitumia kwa maana anayoitaka yeye.

Moshi, harufu na ozoni

Chumba kisichovutiwa sigara ndani ya hoteli inayoruhusu sigara vyumba vingine si sawa na hoteli isiyoruhusu sigara popote. Watafiti waliopima hoteli za California walikuta mabaki ya nikotini kwenye vyumba vya "wasiovuta" vya hoteli za mchanganyiko, zaidi ya yale ya hoteli zisizo na sigara kabisa. Moshi hupita chini ya milango na kwenye mifereji ya hewa, kisha hukaa kwenye vitambaa. Ukiwa na pumu, chagua jengo zima lisilo na sigara.

Kuna pia mashine za ozoni, gesi yenye harufu kali, ambazo baadhi ya hoteli huwasha katika chumba kitupu kuondoa harufu ya sigara. Harufu inapungua, lakini ozoni yenyewe huumiza mapafu, na mamlaka ya mazingira ya Marekani imekuwa ikitahadharisha kuhusu mashine hizi. Ukiingia chumbani ukakuta harufu kali ya umeme, kama baada ya radi kupiga karibu, omba chumba kingine.

Kuvu ni rahisi kuitambua kwa pua: harufu ya unyevu uliokaa, mara nyingi kutoka bafu lisilo na dirisha au kiyoyozi kinachodondosha maji. Chavua haiko mikononi mwa hoteli. Uliza tu kama madirisha yanafungika vizuri na kama kiyoyozi kinaweza kuzungusha hewa ya ndani, na oga kabla ya kulala ili usiipeleke kitandani kwenye nywele.

Jikoni

Huku ndiko kunakoua, na ndiko alama ya "chumba kinachofaa" isikogusa kabisa. Chumba kinaweza kuwa kimeandaliwa vizuri kuliko vyote, na kifungua kinywa kikawa hatari.

Sheria hutofautiana mno. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, anayeuza chakula lazima aweze kueleza kama kina kimojawapo cha vichochezi 14 vya mzio, hata chakula kisicho na pakiti kinachopakuliwa kwenye sahani hotelini. Katika orodha hiyo kuna vitu ambavyo wengi hawavifikirii: haradali, seleri, ufuta, lupini (mbegu za jamii ya kunde). Marekani inataja 9, ufuta ukiwa umeongezwa kuanzia Januari 1, 2023, lakini sheria hiyo ya shirikisho inahusu chakula cha pakiti. Sahani ya mgahawani haimo. Nchi nyingine hazina sharti lolote la namna hiyo. Hoteli mbili zenye jina moja na nembo moja, katika nchi mbili, zinaweza basi kuwa na wajibu tofauti kabisa kwako.

Hatari yenyewe mara nyingi haiko ndani ya mapishi. Iko njiani: kisu kilichokata mkate wenye karanga kikakata matunda, kijiko cha bafe kilichohamishwa na mgeni kutoka bakuli hadi bakuli, karai la mafuta linalokaanga kila kitu. Watu hudhani moto wa mafuta huteketeza kila kitu. Unaua vijidudu, ndiyo, lakini protini ya karanga haiharibiki hivyo, inahamia kwenye chakula kinachofuata. Ni sawa na kukoroga chai yako kwa kijiko kilichotoka kwenye chumvi: hakuna aliyetia chumvi, na bado iko. Jeli ya kutakasa mikono nayo haiondoi protini hiyo. Sabuni na maji huiondoa.

Hofu ya harufu, kwa upande mwingine, imezidi. Kunusa karanga si kuila, kwa sababu harufu haibebi protini inayomchokoza mlinzi. Mvuke wa samaki au kamba wanaopikwa ni jambo jingine, kwani unaweza kubeba protini hewani, kwa hiyo mwenye mzio huo akae mbali na sehemu ambapo mpishi anapika mbele ya wageni.

Ukipiga simu, usiishie mapokezi. Anayepokea simu ni mkarimu na anataka uje, lakini hajui karai lina nini. Omba kuzungumza na mpishi mkuu, au mwandikie, na usiulize "mnaweza kumhudumia mwenye mzio?" Uliza wanafanyaje: kuna kikaango na ubao wa kukatia vya pembeni? Nani hupika zamu ya asubuhi, na ataambiwa vipi? Jibu zuri huwa na hatua ndani yake, na mara nyingine huwa na maneno "hilo hatuwezi". Mpishi anayekuambia hawezi kukuhakikishia kitu fulani ameshaniridhisha kuliko anayesema usiwe na wasiwasi. Anayesema usiwe na wasiwasi sijawahi kumwamini.

Sema pia neno lenyewe. "Sili karanga" jikoni husikika kama chaguo, na chaguo huondolewa kwa kijiko juu ya sahani iliyokwisha pakuliwa. "Nina mzio wa karanga, zikinigusa naweza kufa" husikika kwa namna nyingine. Unakoenda kama lugha ni ngeni, liandikishe hilo kwenye kadi na mtu anayeijua lugha hiyo vizuri, umpe mhudumu aipeleke jikoni. Na kwa familia yenye mtoto mwenye mzio mkali, chumba chenye jiko dogo na jokofu kina thamani kuliko bwawa la kuogelea, kwa sababu walau mlo mmoja kwa siku utautengeneza mwenyewe.

Usiku mambo yakiharibika

Mshtuko wa mzio, ule unaobana koo na kushusha shinikizo la damu, dawa yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini kwenye paja, upande wa nje. Vidonge vya mzio hupunguza muwasho na mabaka. Havizuii mshtuko, na kuvingoja vifanye kazi ni kupoteza dakika ambazo mgonjwa hana. Daktari akishakuandikia sindano hizo, safiri na mbili, kwenye begi la mkononi. Chumbani zisikae ndani ya jokofu dogo, maana baridi inaziharibu kama joto, wala ndani ya kasha la vitu vya thamani, maana hakuna anayekumbuka namba ya siri huku akishindwa kupumua. Ziwe juu ya meza ya kando ya kitanda, na unaosafiri nao wajue zilipo na namna ya kuzitumia.

Baada ya sindano mgonjwa apelekwe hospitali hata kama ameanza kuchangamka, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Kwa hiyo umbali wa hospitali yenye huduma ya dharura usiku ni sehemu ya sifa za hoteli, sawa na mandhari yake. Hoteli ya kisiwani inayofikika kwa boti za mchana tu, kwa mtu aliyewahi kupata mshtuko, mimi ningeiacha. Uliza pia namba ya dharura ya nchi hiyo kabla ya kuihitaji: Umoja wa Ulaya ni 112, Marekani ni 911, kwingineko ni nyingine.

Ukifika, ingia chumbani kabla ya mabegi. Simama mlangoni uvute hewa kwa pua. Inua shuka uone kama godoro lina kifuniko cha zipu. Fungua bafu, washa kiyoyozi dakika tano na urudie kunusa. Ukiona kimojawapo si kama ulivyoahidiwa, rudi mapokezi saa hiyohiyo, kungali mchana, vyumba vingine bado havijachukuliwa na nguo zako hazijatoka kwenye begi.